Mpira wa mkojo kwa paka aliyeziba: saa zile baada ya kuupitisha

Kila anayekuja kujifunza kutibu wanyama kwetu anataka kwanza aoneshwe namna ya kupitisha mpira, yaani kile kibomba chembamba kinachoingizwa hadi kibofuni kwa paka ambaye njia yake ya mkojo imeziba. Namwelewa. Pale kizibo kinapoachia na mkojo wa rangi ya damu ukaanza kutiririka, chumba kizima kinashusha pumzi. Lakini paka niliowaona wakiharibikiwa, wengi hawakuharibikia mezani. Waliharibikia usiku, kizimbani, mpira ukiwa ndani na kila mtu akiamini kazi imekwisha. Kwa hiyo mezani nitapita haraka, nikae zaidi kizimbani.

Jambo moja tu kabla ya mpira: sikiliza moyo. Paka dume aliyeziba mkojo hauawi na kibofu, anauawa na potasiamu, madini ya damuni yaliyoshindwa kutoka na mkojo na sasa yanaupunguza kasi moyo. Paka mwenye maumivu na hofu moyo wake hutakiwa kwenda mbio, 180 hadi 200 na zaidi kwa dakika. Ukihesabu 120 kwa paka aliyelegea na aliyepoa mwili, usiguse mpira kwanza. Mwekee dripu, mpime umeme wa moyo, mwite daktari mkubwa. Kalsiamu glukoneti ya 10% huenda kwa mshipa, mililita 0.5 hadi 1 kwa kila kilo, polepole kwa dakika 5 hadi 10, macho yako yakiwa kwenye mapigo. Haishushi potasiamu hata kidogo, inaukinga moyo kwa nusu saa hivi. Kinachoishusha ni dripu, glukosi pamoja na insulini, na zaidi ya vyote kumzibua. Wapo wanaoogopa kumwekea dripu paka ambaye kibofu tayari kimejaa. Usiogope, mwekee.

Mezani alale vizuri kwa dawa ya usingizi, maana misuli ya njia ya mkojo ikikaza utashindana nayo bure. Vuta uume kuelekea nyuma, njia inyooke, kwani ina pindo ambalo ukilisukuma kwa nguvu utalitoboa. Jeli ya kutosha, maji ya chumvi safi kwa sirinji, subira. Mpira mgumu ni wa kuzibulia. Wa kubaki ndani uwe laini, unene wa namba 3.5 kwa paka wengi. Pima urefu kwa nje kabla hujaingiza: ukiwa mfupi ncha itarudi njiani, ukizidi utajiviringisha kibofuni na unaweza hata kujifunga fundo. Kama kuna eksirei, piga picha.

Sasa tuje kizimbani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa zamu ya usiku na paka mmoja wa kilo 5. Saa nne usiku mfuko wa kukusanyia mkojo ulikuwa na mililita 90. Saa nane hakijaongezeka kitu. Nikaandika sifuri, nikawaza kwamba figo zimechoka au maji hayamtoshi, nikaongeza kasi ya dripu. Sikumgusa, alikuwa amelala na nilimwonea huruma kumwamsha. Saa kumi akaanza kulia, ule mlio wa chini, mrefu, ambao ukishausikia mara moja huusahau. Nilipotia mkono tumboni nikakuta kibofu kigumu kama chungwa bichi. Mrija unaotoka kwenye mpira kwenda mfukoni ulikuwa umekunjika chini ya plasta, pale mkiani, na alipogeukia ubavu wa pili aliulalia. Niliunyoosha kwa vidole viwili tu, mkojo ukaanza kushuka. Kwa muda wa saa mbili nilikuwa namjaza maji paka ambaye nilikuwa nimemziba upya kwa plasta yangu mwenyewe.

Tangu usiku ule, mfuko ukionekana mtupu nafanya mambo kwa mpangilio uleule, na nakuomba nawe uushike. Kwanza mkono tumboni, kabla ya kalamu. Kibofu kikiwa kimejaa, tatizo liko kwenye mrija au mpira: fuata mrija kwa kidole kutoka kwa paka hadi mfukoni, sentimita kwa sentimita, ukitafuta mkunjo, koki iliyofungwa, donge la damu. Usipoona kitu, vaa glavu safi, futa kiungo kwa dawa ya kuua vijidudu, sukuma taratibu mililita 3 hadi 5 za maji ya chumvi yasiyo na vijidudu. Yakiingia na kurudi, njia imefunguka. Yakigoma, usilazimishe, ita mtu. Ni pale tu kibofu kikiwa kitupu na mpira ukiwa wazi ndipo uanze kufikiria figo na upungufu wa maji.

Upande wa pili wa hesabu ni paka anayekojoa kupita kiasi, na huyu huwadanganya wengi kwa sababu mfuko uliojaa unafurahisha macho. Kawaida ni mililita 1 hadi 2 kwa kilo kwa saa. Paka wa kilo 5, kwa saa 4, utarajie kati ya 20 na 40. Baada ya kuzibuliwa, figo zinaweza kumwaga maji kama bomba lililokatika. Ukikuta 160 mfukoni kwa saa zilezile 4, na dripu ilikuwa 20 kwa saa, basi ameingiza 80 na kupoteza 160. Akiachwa hivyo hadi asubuhi atakauka huku dripu inadondoka mbele ya macho yenu. Hapo dripu inafuata mkojo: kila saa 4 unapima kilichotoka, unarekebisha kinachoingia. Potasiamu iliyokuwa juu jana inaweza kuwa chini leo, kwa hiyo irudieni kupima. Mpime uzito mara mbili kwa siku kwa mizani ileile, na uhesabu pumzi zake. Zikianza kupanda, huenda maji yamezidi na moyo unalemewa. Kreatinini, ile taka ya damuni inayoonesha figo zinavyofanya kazi, ikisharudi kawaida, punguza dripu kidogo kidogo. Wakati mwingine ni dripu yenyewe inayoendelea kumkojoza.

Usafi sitaurefusha. Mfuko uwe chini ya paka lakini usiguse sakafu. Viungo visifunguliwe bila sababu. Kola, ile koni ya shingoni, isivuliwe eti kwa sababu anaonekana mpole, maana paka mpole naye hutafuna mrija. Plasta ya mkiani iachiwe kitanzi cha mrija ili akigeuka asiuvute. Antibayotiki za kumkinga tu, mpira ukiwa bado ndani, hazizuii vijidudu, zinabakiza vile sugu. Na mkojo wa kupeleka maabara usiuchote mfukoni.

Kuna kitu hakiandikwi kwenye chati: paka hawa wengi waliziba wakiwa na kibofu chenye mfadhaiko, na kizimba chetu chenye kelele za mbwa kinauongeza mfadhaiko huo palepale. Mpe boksi la kujificha, funika nusu ya kizimba, mpe dawa ya maumivu kwa saa yake bila kusubiri alie. Ila zile za kupunguza uvimbe ziwekwe kando mpaka figo zitulie.

Mpira hukaa siku 1 hadi 2 kwa wengi, wakati mwingine 3. Mimi huutoa asubuhi, kamwe si jioni, ili siku nzima awe na macho mengi juu yake. Baada ya hapo mwekee boksi la mchanga na umtazame. Akienda kila baada ya dakika chache na kutoa matone, tia mkono tena: kibofu kidogo na laini, ni muwasho, unaweza kusubiri, kibofu kikubwa kinachokaza, ameziba tena na usipoteze muda. Asiende nyumbani kabla hujamwona akikojoa mkondo wa kweli, zaidi ya mara moja.

Na siku ya kumruhusu, kaa na mwenye paka dakika kumi. Mweleze kwamba hatari ya kurudia iko juu zaidi siku hizi za mwanzo, na kwamba paka akichuchumaa, anajikamua na hakuna kinachotoka, wengi hudhani amefunga choo na kusubiri hadi kesho. Ukipokea simu ya namna hiyo kuhusu paka dume, hata saa saba za usiku, mwambie amlete sasa hivi.