Mapunye yamerudi, na baba naye anajikuna

SWALI: Shikamoo Daktari. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Wanangu wawili walitoka mapunye, nikawapaka krimu ya duka la dawa, yakafifia. Waliponyolewa shule inafunguliwa, yakarudi. Baba yao ni mvuvi, ana choa mapajani. Anapaka krimu hiyo hiyo. Muwasho unakata siku tatu, halafu duara linatanuka. Utotoni tulipakwa dawa tukapona. Je, fangasi wa siku hizi wamekuwa sugu?
Mama Wawili, Igogo

JIBU: Marahaba, mama. Usugu upo, ila kwako naanza na kinyozi.

Kinyozi wangu wa Nyakato ana mkono mwepesi kweli. Akimaliza kichwa hupuliza mashine kwa mdomo, fuu! kisha huita anayefuata. Siku moja nilimwomba afungue meno ya mashine hiyo. Chini kulikuwa na unga wa nywele na magamba meupe, umegandamana kwa mafuta. Mbegu za fangasi hukaa hai humo kwa miezi. Sasa fikiria foleni ya wiki ya kufungua shule! Na aliyeziacha si lazima awe na duara kichwani, maana wapo watoto wanaobeba fangasi bila alama yoyote, wakawaachia wenzao kwenye kofia au mto.

Krimu haifiki kwenye shina la unywele. Mapunye yanataka vidonge. Griseofulvini humezwa kila siku, wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta. Dagaa wako wa kukaanga wanafaa sana. Wazazi wengi huacha nywele zikianza kuchomoza, na hapo ndipo yanaporudi.

Kuhusu zamani na sasa, fangasi hupokezana zamu. Huko Ulaya na Marekani, kabla ya miaka ya 1950, mapunye mengi ya shuleni yaliletwa na Microsporum audouinii. Daktari alimulika kichwa kwa taa maalumu, nywele zikang'aa kijani. Griseofulvini ilipoingia mwishoni mwa miaka hiyo, huyo akapungua. Marekani nafasi yake ikachukuliwa na Trichophyton tonsurans, anayejificha ndani ya unywele na wala hang'ai, taa ikabaki pambo. Huyu, dawa nyingine iitwayo terbinafini humweza vizuri zaidi. Ndiyo maana mtoto asiyepona nataka nywele zake zipimwe, asiongezewe tu dawa ile ile.

Yupo na mgeni wa Asia ya Kusini, Trichophyton indotineae, aliyepewa jina mwaka 2020. Hushika mapaja na kiuno, na mara nyingi terbinafini haimtikisi. India krimu za mchanganyiko zenye steroidi zilimtandikia mkeka, na kufikia 2023 alishaonekana New York.

Mumeo si lazima awe naye. Soma maandishi madogo kwenye tyubu yake. Ukikuta betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, na ndiyo inayokata muwasho: inalaza kinga ya ngozi, fangasi anakula bila kubughudhiwa. Aiache, aende hospitali akwanguliwe magamba kwenye ukingo wa duara yapimwe, ndipo apewe dawa. Asikae na kaptula mbichi akitoka ziwani, na taulo lake watoto wasiliguse. Na watoto wote wa nyumba hiyo wakaguliwe vichwa siku moja.

Kinyozi wangu sasa ana brashi na chupa ya spiriti. Kupuliza hajaacha.