Kwa nini Chaplin, na si wengine

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Jina la ukoo la mwigizaji linageukaje kuwa neno la sifa katika Kiingereza?", limenikuta nasahihisha insha za kidato cha tatu. Nikaiweka kando kalamu nyekundu. Nitajibu kwa neno moja ninalolipenda: "Chaplinesque", yaani "kama Chaplin", yule Charlie Chaplin mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti.

Wengi watawaandikia kwamba sababu ni umaarufu. Nakataa. Mwigizaji Laurence Olivier alikuwa maarufu na Waingereza walimheshimu mno, lakini leo alikuwa Hamlet, kesho Richard wa Tatu mwenye kibiongo, na kila alipoingia jukwaani alikuja na sura nyingine. Lugha ingemshika wapi? Chaplin alishikika. Mwaka 1914, akiwa na kampuni ya Keystone huko California, alivaa suruali pana, koti la kumbana, kofia ndogo ya duara, viatu visivyo saizi yake, masharubu mafupi na kifimbo cha mwanzi. Vazi hilo hakuliacha mpaka filamu ya Modern Times ya 1936. Miaka 22 umbo ni lile lile. Mchore kivuli tu ukutani, mtoto atakutajia ni nani.

Ila umbo peke yake halitoshi, na hapa ndipo penye utamu. Yule mzururaji wake hakuwa na jina. Aliitwa tu "Tramp", yaani mzururaji, na wazururaji wako wengi. Watu walipotaka kusema "kama yule", jina lililokuwapo karibu lilikuwa la mwigizaji mwenyewe. Linganisheni na Rambo, mhusika wa filamu aliyeigizwa na Sylvester Stallone. Huku kwetu Tanzania mifuko ya plastiki tuliiita rambo hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2019, wala hakuna aliyewahi kwenda dukani kuomba stallone. Mhusika alikuwa na jina lake, akambania mwigizaji.

Kiambishi nacho kina asili yake. Hiki "-esque" Waingereza walikichukua kwa Wafaransa, nao Wafaransa walikitoa kwa Waitalia wenye "-esco". Kimekaa sana na mambo ya sanaa na ya macho, kama katika "picturesque", kitu kinachopendeza kama picha. Waandishi na wanasayansi mara nyingi hupewa "-ian", kama Dickens na Darwin, kwa sababu kwao tunachukua mawazo na ulimwengu walioueleza. Mwigizaji tunamchukua kwa macho. Si sheria ya msahafu, maana mwandishi Kafka hakuigiza filamu yoyote na bado ana "-esque" yake, lakini sikio la Mwingereza huelekea huko. Sisi kazi hiyo tunaifanya mwanzoni mwa neno: kifalme, kitoto, kizungu. Nikisema "anatembea kichaplin", nani atahitaji kamusi?

Neno halikuchelewa. Mwaka 1921 mshairi wa Marekani Hart Crane, baada ya kuitazama The Kid, filamu ya Chaplin, alilifanya anwani ya shairi lake. Miaka 7 tu tangu vazi livaliwe!

Na maana yake si "mchekeshaji". Katika The Gold Rush ya 1925, Chaplin amenaswa na theluji kibandani, njaa inamuua. Anachemsha kiatu. Anakikata kwa kisu na uma kama mtu aliyealikwa karamuni, anaizungusha kamba kwenye uma kama tambi, anafyonza misumari kama mifupa ya kuku. Unacheka, halafu unajikuta umenyamaza. Neno linabeba vyote viwili, ufukara na adabu ya mezani, kwa pamoja.

Mwaka jana nilikuwa msibani, mzee mmoja amekaa mkekani, soksi imetoboka kidole gumba. Kila mgeni alipoingia, mzee alikifunika kidole kile kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, akakunja mguu taratibu, akaitikia salamu kama sultani. Hakuwa na masharubu wala kofia. Nililikumbuka neno lile, nikaona haya kwa kutaka kucheka.

Kuna njia nyingine, ya jina kugeuka kitenzi. Humphrey Bogart aliigiza watu wa majina mbalimbali, lakini wote walikuwa yeye yule yule, sigara mdomoni. Alifariki mwaka 1957. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani waliokuwa wakipokezana msokoto wa bangi wakawa wanamkemea mwenye kuung'ang'ania peke yake: aache "kubogart". Chaplin hadi leo anaandikwa kwa herufi kubwa. Bogart amepewa herufi ndogo, na wanaokemeana hivyo si lazima wawe wamewahi kuona hata filamu yake moja.

Mwalimu wa Kiingereza, Morogoro