Jibu: Mrushaji kijana akichapwa ndiyo basi?

Mkuu, umeuliza kama mrushaji wa besiboli (anayemrushia mpigaji mpira) anayechapwa, yaani wapinzani wanampiga mipira yake na kufunga, akiwa kijana kwenye ligi kuu huwa anarudi kwenye kiwango. Mwangalie Roy Halladay, mrushaji wa timu ya Toronto Blue Jays. Mwaka 2000, akiwa na miaka 23, aliruhusu wastani wa pointi 10.64 kwa kila ingi (vipindi vya mchezo) tisa. Aibu tupu! 2001 wakamshusha hadi daraja la chini, Dunedin kule Florida. Kocha Mel Queen akamrekebisha mkono: badala ya kurusha kutoka juu kabisa, aushushe kidogo pembeni. Kasi alikuwa nayo tangu zamani, ila mpira ulikuja umenyooka. Sasa ukawa unazama na kupinda. 2003 akabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka, 2010 tena akiwa timu ya Philadelphia. Huyo kijana wako usimfute bado.