Maswali na majibu: Taa nyekundu, signo ndogo na vumbi la Dodoma

Tangu upepo wa kiangazi uanze, maswali mengi mnayonitumia ni ya faiba (waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga), na karibu kila mtu ameshauriwa abadilishe kifaa kabla hata hakijapimwa. Inaniuma kwa sababu ni hela za watu. Nimechukua machache, twende nayo.

Swali: Mkuu, nipo Ilazo. Jioni upepo ukianza taa ya LOS (ya kuonya mwanga umepotea) inawaka nyekundu, alafu inazima yenyewe. Nimeingia kwenye kiboksi cha faiba nikaona Rx (nguvu ya mwanga unaopokelewa) ni -28.4. Nimeambiwa ninunue kingine, ninunue?

Usinunue kwanza. Viboksi vingi vya GPON (mfumo wa faiba moja kugawanywa kwa wateja wengi) vya daraja la B+ vinapokea vizuri mwanga kati ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), wewe upo -28.4, yani umeshapita mpaka wa chini na kinashika kwa bahati tu, ndo maana upepo ukitikisa waya kidogo kinaachia. Na hizo namba zisikudanganye ukaona tofauti ni ndogo, kila ukishuka dB 3 mwanga umebaki nusu, ukishuka 10 imebaki sehemu moja ya kumi.

Cha kwanza waulize majirani wanaotoka kwenye splita (kigawa mwanga) moja na wewe wanasoma ngapi. Kama wote wapo -28 basi shida iko juu huko, pigia kampuni yako waje. Kama wao wanasoma -21 na wewe peke yako ndo uko chini, shida ipo kati ya boksi la nguzoni na sebuleni kwako, na kwa vile kwako inakuja na upepo, mimi ningeanza na ule waya wa juu: pale ulipofungwa nguzoni, pale unapoingia ukutani, kisha nyuma ya kabati la TV. Hapo nyuma ya kabati ndo penye mambo, utakuta waya umezungushwa kaduara kadogo umebanwa na kebo tai mpaka umelala, alafu kabati limesukumwa likaukandamiza. Faiba ya G.652 haitaki mkunjo wenye nusu kipenyo chini ya mm 30, ile ya G.657A2 inavumilia mpaka mm 7.5, lakini kubanwa na tai hakuna inayopenda. Kata hiyo tai, achia duara kubwa, angalia namba tena hapohapo.

Fundi akija na pawa mita (kipimo cha nguvu ya mwanga) na chanzo cha mwanga, mwambie apime kwa 1310 na kwa 1550 (urefu wa mawimbi ya mwanga, kwa nanomita) kwenye waya uliochomolewa. Mkunjo unakula 1550 zaidi kuliko 1310, kwahiyo 1550 ikiwa mbaya zaidi tafuteni mkunjo, zote zikiwa mbaya karibu sawa tafuteni uchafu au maungio mabovu.

Na uchafu Dodoma ni wa kweli jamani. Njia ya mwanga kwenye faiba ya singo modi ina upana wa maikromita 9 tu, unywele wako ni mnene mara kadhaa ya hapo, sasa chembe moja ya vumbi la Nkuhungu ikikaa katikati ya konekta imeziba karibu njia yote. Safisha kwa kalamu ya kusafishia au kitambaa kisichotoa nyuzi, kavu kwanza, kama haijatoka weka spiriti ya isopropili kidogo alafu malizia kavu tena. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda pale, na usifute na tisheti. Safisha na upande wa pili ndani ya adapta, watu wengi wanasafisha upande mmoja wanachomeka kwenye uchafu uleule.

Swali: Fundi kaniwekea pachi kodi (waya mfupi wa faiba wa kuunganishia) yenye kichwa cha bluu kwenye tundu la kijani. Intaneti ipo ila inakatikakatika. Kuna shida?

Ipo, tena kubwa. Kijani ni APC, uso wake umekatwa mshazari nyuzi 8, bluu ni UPC, uso wake haujakatwa mshazari. Ukivikutanisha haviguzani sawasawa, katikati panabaki hewa, mwanga mwingi unapotea na mwingine unarudi ulikotoka. Nunua kijani kwa kijani, na kabla hujachomeka uangalie uso wa ile ya ndani kwa hadubini ya konekta maana unaweza kuwa umeshachubuka.

Swali: Nina mtandao mdogo Kibaigwa. Wateja wameongezeka, nataka nyuma ya splita ya 1:16 (inayogawa mwanga mara 16) niweke ya 1:8. Mbali zaidi ni km 8. Itabeba?

Dada, hongera kwa kuuliza kabla, wengine wanaweka ndo wanauliza. Tupige hesabu pamoja. Tuseme OLT yako (mashine inayotuma mwanga kwa wateja) inatoa +3 dBm. Splita ya 1:16 inakula kama dB 14, ya 1:8 kama 10.5, waya km 8 kwa dB 0.35 kila km ni 2.8, konekta na maungio tuweke 1.5. Jumla 28.8, kwahiyo mteja wa mwisho atapata -25.8. Kwenye karatasi inabeba, ila akiba kabla ya kugusa -27 imebaki dB 1.2 tu, konekta moja ikichafuka umempoteza, na mwanga wa kurudi toka kwake unabanwa hivyohivyo. Mimi nisingeweka. Weka 1:4 inayokula kama 7, mteja wa mwisho anapata -22.3, unalala. Wateja waliobaki wafungulie poti nyingine ya OLT.

Swali: Naunganisha ofisi mbili Ihumwa kwa SFP (moduli za kuchomeka zinazotuma na kupokea mwanga) za waya mmoja, pande zote Rx inaonyesha -40. Waya umekatika?

-40 maana yake hakuna mwanga unaofika, sio kwamba ni mdogo. Kabla ya kulaumu waya soma lebo: upande mmoja lazima utume 1310 upokee 1490 au 1550, mwingine kinyume chake. Ukiweka mbili zinazofanana hazitaonana hata waya uwe mpya. Alafu usije ukatatua kwa kuweka moduli za km 80 kwenye waya wa mita mia tatu, mwanga ukizidi nao unaharibu kipokeaji, bila atenyueta (kipunguza mwanga) usithubutu.

Swali: Naweza kuchungulia kwenye konekta nione kama mwanga upo?

Hapana kabisa. Mwanga wa 1310, 1490 na 1550 hauonekani kwa macho lakini jicho linaumia. Tumia pawa mita.

Swali: Naanza ufundi, mtaji mdogo. Ninunue OTDR (kifaa kinachopima waya na kuonyesha mkato uko umbali gani) kwanza?

Anza na pawa mita inayosoma 1310, 1490 na 1550, kalamu ya leza nyekundu ya kutafuta mkunjo na mkato wa karibu, na kisafishio cha konekta. Hivyo vitatu vinamaliza kazi nyingi za mtaani. OTDR azima au kodi siku waya mrefu umekatwa na kijiko barabarani, na ukiipata usiipige kwenye laini yenye wateja hewani isipokuwa ni ya 1625 au 1650 yenye kichujio.