Mama alisema ni mvua

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama sisi tulio ughaibuni tuna haki ya kupigania haki za binadamu nyumbani, ilhali virungu havitufikii. Tunayo, ila ina masharti, na sharti kubwa ni kukumbuka virungu hivyo vinamfikia nani.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania nzima. Mama anaishi Kanda ya Ziwa, mimi niko Reading, Uingereza. Ujumbe wangu wa WhatsApp ulikaa na tiki moja siku tano. Simu ya kawaida ilipita mara moja tu. "Mwanangu, huku mvua kubwa, tumejifungia ndani." Nyuma ya sauti yake nikasikia milio ya risasi, nikaelewa ni mvua gani.

Giza lile halikuanza siku hiyo. Tangu 2023 watumiaji wa VPN, programu za kupitia mitandao iliyofungiwa, walitakiwa kujisajili. Mei 2025 mtandao wa X ukafungiwa, Septemba jukwaa la mijadala la JamiiForums likasimamishiwa leseni kwa siku 90. Kamba ilikazwa taratibu, siku ya kura ikabaki kuvutwa tu. Na sisi wa huku hatuna hata sanduku la kura ubalozini. Tukinyamaza, tumebaki na nini?

Mtandao uliporudi Novemba 3, watu walipokea ujumbe wa simu ukiwaonya wasisambaze picha za kuzua taharuki. Hata hivyo video za yaliyotokea siku zile zilimiminika. Tulikuwa watu tisa, tukakesha tukizipitia: kibao cha duka kimeandikwa nini, pikipiki ina namba za wapi, kivuli kimelalia upande gani. Moja iliyotutoa machozi sana ilikuwa ya zamani, tena ya nchi nyingine. Nilikuwa nimeshaisambaza. Niliifuta, nikaandika masahihisho, lakini ilikwisha kwenda, na iliwapa watu sababu ya kusema hata zile za kweli ni za kughushi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu aliyepiga video ya kweli alihatarisha maisha yake, na mimi nikamharibia nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Tangu hapo hatutoi kitu mpaka watu wawili wanaolijua eneo wathibitishe. Nyuso tunaziziba. Video yenyewe, kama ilivyotufikia, tunaihifadhi, maana iko siku mahakama itaihitaji. Jina la aliyetuma haliandikwi popote, na ndiyo maana hata mji wa Mama sijautaja hapa.

Tena, aliye mbali asimwambie aliye nyumbani aingie barabarani. Hapa wenzangu wengi hatuelewani, na sibadiliki. Sisi tunaweza kusimama mbele ya ubalozi, kuwaandikia wabunge wa huku, kuchangia gharama za wakili wa aliyekamatwa. Kifua tutoe cha kwetu. Na msidhani kuwa nje ya nchi ni kinga: Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai, mwanaharakati wa Kitanzania, alitekwa Nairobi mchana, akaachiwa saa chache baadaye.

Mama hajaniuliza ninafanya nini usiku, nami sijamwambia. Akipiga simu, bado naanza kumuuliza habari za mvua. Akisema imekatika, ndipo tunaongea mengine.