Bata kudonoana manyoya: anza na maji na sakafu

Ndugu, umeuliza kwa nini bata wako wanadonoana manyoya na kudumaa ilhali chakula wanapata. Mimi ningeanza na maji. Vinyweshea vya matone vinakata kiu tu. Bata anahitaji chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, asafishe macho na pua, kisha ajirushie maji mgongoni. Akikosa chombo hicho, macho yanaganda uchafu na manyoya yanachakaa. Bwawa si lazima.

Ila chombo hicho usikiweke juu ya maranda! Kiweke juu ya wavu wenye mfereji chini, maana kinyesi cha bata ni majimaji, na maranda yakilowa hutoa amonia, gesi kali, na kuchubua nyayo. Mshike mmoja umgeuze mguu: ukiona kigaga cheusi katikati ya wayo, huyo anaumia kila akienda kula, atanenepaje?

Msongamano nao huchochea kudonoana, hasa kwa bata wa aina ya Muscovy. Wapunguze au panua banda. Na vifaranga wa bata wakila chakula cha kuku, angalia niasini (vitamini B3): wao wanahitaji zaidi kuliko wa kuku, na ikipungua miguu hupinda.