Baraza la Barua: Majarida ya katuni za Kijapani, nani kaanza na nani kawapita wenzake

Assalaam alaykum wapenzi wasomaji. Mwezi uliopita nilijibu swali moja la kijana kuhusu katuni ya Dragon Ball, mistari minne tu, nikadhani yamekwisha, kumbe nimefungua mfereji. Barua kutoka Mjini, kutoka Wete, kutoka Makunduchi, na rekodi za watsapu sijui ngapi, moja imerikodiwa barazani watu wanagonga keram kwa nyuma sisikii hata neno. Basi mwezi huu ukurasa wote ni wa manga, yaani katuni za Kijapani, na khasa yale majarida mazito ya vijana wa kiume ambamo ndo hadithi zenyewe zinatokea kwanza. Wenye maswali ya mahari na ya mikarafuu nivumilieni, zamu yenu inakuja.

SWALI: Mjibu, mie na mwenzangu tumebishana mpaka kahawa imepoa. Yeye anasema jarida la kwanza la katuni za vijana Japani ni Shonen Jump. Mie nasema si kweli ila sina ushahidi. Tuamulie. (Kijana wa Michenzani)

JIBU: Mwenzako akulipie kahawa, na kashata juu. Jump ndo kubwa lakini si la kwanza, ni mdogo mtu katika ile nyumba, tena kaja wenzake washakula.

Ukitaka kuanzia mbali, majarida ya watoto wa kiume kule yapo tangu zamani, Shonen Sekai lilitoka 1895, na 1914 likaja Shonen Club la kampuni ya Kodansha. Lakini hayo yalikuwa ya kusoma khasa, hadithi za maandishi matupu, katuni ni achari tu pembeni ya sahani. Achari moja ilipendwa sana, Norakuro, mbwa koko mweusi anaingia jeshini na kupanda vyeo, ilianza 1931 ikasimamishwa 1941. Baada ya vita watu hawana kitu, karatasi yenyewe ya kutafuta, na hapo ndo katuni zikapata upenyo: Manga Shonen 1947, na jarida jengine linaitwa Shonen tu, ambamo Tezuka Osamu alimchora Atom, yule mtoto roboti. Yote hayo ni ya mwezi mara moja, na ndani wanakutilia zawadi, vijitabu na vitu vya karatasi vya kukata na kugandisha.

Sasa siku unayoitaka wewe kwa ubishi wako ni tarehe 17 Machi 1959. Siku hiyo moja yalitoka majarida mawili ya wiki, Shonen Magazine la Kodansha na Shonen Sunday la Shogakukan, siku moja yakhe, si kwa bahati, kila mmoja alipata fununu kuwa mwenzake anapika kitu basi wakawa wanakimbizana mpaka wakafika mlangoni pamoja. Jaladani Magazine limemuweka mpiga mieleka ya sumo, Sunday limemuweka Nagashima, nyota wa besiboli. Magazine liliuzwa yeni 40, Sunday yeni 30. Kwa mtoto mwenye sarafu tatu za yeni kumi kumi mkononi hapo hakuna cha kufikiri. Magazine baadae likashusha bei nalo.

Na kwa nini wiki badala ya mwezi? Televisheni. Ilikuwa inaingia majumbani kwa kasi, mtoto keshazoea kipindi chake kila wiki siku ile ile, utamwambia asubiri mwezi mzima kujua shujaa wake katoka shimoni au hakutoka? Hasubiri.

Miaka ya mwanzo Sunday ndo lilikuwa juu, maana liliwapata Tezuka na vijana waliokulia kwenye mkono wake, Fujiko Fujio na Akatsuka, hadithi za kuchekesha za watoto wadogo. Magazine likafanya akili, likawafuata wale watoto walivyokuwa wakikua. Likaleta hadithi nzito, besiboli ya jasho na machozi 1966, halafu mwanzoni mwa 1968 ikaanza Ashita no Joe, bondia mtoto wa mitaani. Hapo mpaka wanafunzi wa vyuo vikuu wanasoma na hawaoni haya. Katika hadithi hiyo yumo mpinzani wa Joe anaitwa Rikiishi, alipokufa (kwenye karatasi, jamani!) watu wakamfanyia maziko ya kweli tarehe 24 Machi 1970, kwenye ukumbi wa Kodansha wenyewe, wakahudhuria kama 700. Wiki moja baadae vijana wa mrengo wa kushoto wakateka ndege wakaipeleka Korea Kaskazini, na katika tamko lao wakasema wao ndo Joe. Hapo ujue jarida la watoto limeshavuka mipaka ya utoto.

Jump likaja Julai 1968, la kampuni ya Shueisha. Jarida jengine, Shonen Champion, likafuata 1969. Ndo hivyo, kanywe kahawa yako.

SWALI: Kama Jump limekuja nyuma, vipi likawapita wote? Pesa nyingi au walikuwa na wachoraji hodari zaidi? (Msomaji wa Wete, Pemba)

JIBU: Swali hili nimelipenda kuliko yote, maana jawabu ni kinyume chake. Hawakuwa na wachoraji. Wenye majina wote wameshachukuliwa na Magazine na Sunday, jarida jipya likabisha hodi huku na huku halikufunguliwa. Toleo la kwanza nakala 105,000 tu, tena mara mbili kwa mwezi, wiki kwa wiki lilianza 1969. Basi ikawa lazima wachukue vijana wasiojulikana na mtu, na kuwafunga kwa mikataba kuwa ukichora Jump huchori kwengine.

Lakini kijana asiyejulikana utajuaje kama anafaa? Hapa ndo kwenye siri yenyewe. Ndani ya kila jarida mlikuwa na posikadi. Mtoto akimaliza kusoma anaandika hadithi 3 alizozipenda wiki ile, anairudisha posta. Kule ofisini wanahesabu. Ukipata kura unaendelea, unawekwa mbele, unapewa kurasa za rangi, ukikosa unasogezwa nyuma ya jarida, na ukizidi kukosa hadithi inakatwa, nyengine haifiki hata wiki 15, shujaa hajafika popote keshaagwa. Mfano wake ni taarab, unapanda jukwaani unaimba hakuna hata mmoja anayenyanyuka kuja kukutuza, basi ndugu yangu usitegemee kuitwa tena. Majarida mengine yalikuwa na kadi pia, lakini hakuna aliyezifuata kikatili kama Jump, hata mchoraji mkubwa alikuwa anahukumiwa na mtoto wa darasa la tano.

Mie sisemi ni jambo zuri lote. Wachoraji walikuwa hawalali, kurasa 19 kila wiki, wiki baada ya wiki, ni kazi ya kumaliza mtu afya yake. Na kadi zile ndo zilizozifanya hadithi zifanane. Tizama Dragon Ball, ilipoanza mwisho wa 1984 ilikuwa safari ya kutafuta mipira na kuchekesha, kura zikawa si nzuri, Toriyama aliyeichora na mhariri wake Torishima wakaingiza mashindano ya kupigana, kura zikapanda, na hadithi nyingi za Jump utakuta mashindano humo humo katikati, hata kama ni hadithi ya majini na mashetani. Maneno yao matatu ya kazi ni urafiki, juhudi na ushindi, na hayo nayo yalitokana na kuwauliza watoto.

Miaka ya themanini ndo ikawa mavuno. Captain Tsubasa 1981, yule mcheza mpira ambaye wengi wetu wenye madishi ya Kiarabu tulimjua kwa jina la Kapteni Majid na tulidhani kabisa ni Muarabu. Hokuto no Ken 1983, Dragon Ball, JoJo, halafu Slam Dunk 1990. Kilele kikawa toleo la mwanzo wa 1995, nakala milioni 6.53 kwa wiki moja. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Unguja na Pemba kama watu milioni 1.89, basi ni kama kila mtu wa visiwa hivi, pamoja na wachanga na vikongwe, kanunua nakala tatu na bado zimebaki.

Halafu likaporomoka. Dragon Ball ikaisha 1995, Slam Dunk 1996, na 1997 Magazine likalipita Jump, mzee karudi kitini pake, akakaa mpaka 2002. Na mwaka ule ule wa aibu, Julai 1997, ndani ya Jump kijana wa miaka 22 anaitwa Oda Eiichiro akaanza hadithi ya maharamia, One Piece. Mpaka leo haijaisha, na wewe na mie tutakwenda zetu tunaiacha inaendelea.

SWALI: Mjibu naomba ushauri. Mwanangu wa kiume yupo fom tu, usiku kucha kwenye simu na hizo katuni, na anasoma kinyumenyume kuanzia mwisho. Sasa hata mdogo wake wa kike ameingia. Si naambiwa ni za wavulana? Na zina ubaya? (Mama wa Jang'ombe)

JIBU: Mama yangu, hilo la kinyumenyume lisikutie wasiwasi hata kidogo, wewe mwenyewe umesoma juzuu chuoni kutoka kulia kwenda kushoto hukuanguka. Kijapani kinachoandikwa kwa kusimama, juu kwenda chini, mistari yake inakwenda hivyo hivyo. Tena kuna chengine kitakufurahisha, katika majarida ya vijana kila herufi ngumu ya Kichina huwekewa pembeni vijiherufi vidogo vya kumuonesha mtoto inavyotamkwa, kazi yake ni kama irabu kwenye msahafu, ndo maana mtoto wa miaka minane anaweza kusoma peke yake.

Neno "shonen" maana yake mvulana, ni kweli, lakini hilo ni bango la mlangoni tu, ndani wameshaingia wote siku nyingi. Na wachoraji pia. Takahashi Rumiko, mwanamke, alianza kuchora kwenye Shonen Sunday 1978 na kwa miaka mingi yeye ndo alikuwa nguzo ya jarida lile. Arakawa Hiromu aliyetunga Fullmetal Alchemist ni mwanamke, tena mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa Hokkaido, jina alilotumia ni la kiume ukisoma hujui. Muache binti asome.

Ubaya? Hapa nitasema wazi. Hata Jump la zamani lilikuwa na vituko, mwaka wake wa kwanza tu lilitoa katuni ya Nagai Go ya skuli yenye kufunua sketi za wasichana, na wazazi wa Japani walikuja juu wakataka ipigwe marufuku. Na watoto wale wa miaka ya sitini walipokuwa watu wazima kampuni zikawatolea majarida yao ya kiutu uzima, Young Jump 1979, Young Magazine 1980, na hayo yana damu na mambo ya chumbani ambayo si ya mtoto wako. Kwenye simu yote yanaonekana sawasawa, jalada lile lile la rangi rangi. Basi kaa nae siku moja, mwambie mwanangu nioneshe unachosoma, usianze na ugomvi. La kukesha ni jengine, hilo simu ilale chumbani kwako, hakuna mjadala.

SWALI: Wapi naweza kupata nakala halisi ya zamani ya Jump au Magazine, hata ya miaka ya 80? Darajani nimezunguka kwenye vitabu vya mitumba sijaona. (Mkusanyaji, Chake Chake)

JIBU: Hutoiona, na hata Japani kwenyewe ni kwa kubahatisha na kwa bei. Majarida yale hayakutengenezwa yakae. Karatasi yake ni duni kabisa, iliyosagwa upya, nyengine rangi ya waridi nyengine kijani, mtu ananunua stesheni asubuhi, anasoma kwenye treni, anashuka analiacha kwenye kiti. Faida kampuni inaitafuta kwenye vitabu vidogo, hadithi moja moja zinakusanywa na kuchapwa karatasi nzuri, hivyo ndo watu wanaweka kabatini. Kochikame peke yake, iliyochapwa Jump kila wiki kuanzia 1976 mpaka 2016, ina vitabu 201. Tafuta hivyo, vinapatikana kirahisi zaidi.

Kama shida yako ni kusoma tu, kampuni yenyewe ya Shueisha ina programu ya Manga Plus tangu 2019, sura za mwanzo na za mwisho bure, Kiingereza kipo, Kiswahili bado. Jarida la karatasi siku hizi limeshuka mpaka kwenye nakala milioni moja hivi, wengi wamehamia kwenye simu kama mtoto wa yule mama wa Jang'ombe.

Ila usidhani karatasi ile haikuwa na thamani kwa wenyewe. Baada ya tetemeko la Machi 2011 mji wa Sendai ulikatikiwa na kila kitu, magari ya mizigo hayafiki, na duka moja la vitabu likapata nakala moja tu ya Jump aliyokuja nayo mteja kutoka mkoa jirani. Mwenye duka akabandika tangazo mlangoni kuwa ipo, njooni msome, na watoto wakaja mmoja mmoja mpaka likachakaa.

Na mie nakala moja nilikuwa nayo. Mjomba wangu alikuwa baharia, akarudi na jarida zito kama tofali kutoka Yokohama, nilikuwa na miaka tisa, silijui hata herufi moja na nililisoma lote. Nikaenda skuli nikarudi, marehemu bibi kashachana robo nzima anafungia karanga. Wateja wake walikuwa wanauliza mbona leo kuna watu wanapigana kwenye karanga.